Skrei Mezani: Mlo wa Mwanzo wa Machipuko katika Pwani ya Lofoten

Mwezi Machi, katika visiwa vya Lofoten kaskazini mwa Norwei, theluji bado imelala juu ya mapaa na mashamba hayajaota hata jani moja. Kalenda ya huko inasema majira ya machipuko yameingia, lakini mkulima hana cha kuchuma. Hata hivyo, hiyo ndiyo miezi ambayo migahawa ya pwani hiyo hupika chakula chake kizuri kuliko vyote vya mwaka. Chakula hicho kinatoka wapi, ikiwa ardhi imeganda? Kinatoka baharini, tena sehemu kubwa yake inatoka kwa samaki mmoja tu, anayeitwa skrei. Mazungumzo ya leo yanamfuata samaki huyo kutoka majini hadi sahanini.

Kwanza ajulikane ni samaki gani. Skrei ni yule samaki wa bahari za baridi ambaye Waingereza humwita cod. Baadhi ya kamusi za Kiswahili humpa jina la chewa, lakini msikilizaji wa Mombasa, Kilwa au Unguja asichanganyikiwe: chewa wa miamba ya Afrika Mashariki ni samaki mwingine kabisa, wa ukoo mwingine. Skrei ana mwili mrefu, mgongo wenye madoadoa, tumbo jeupe, na kiuzi kimoja cha nyama kinachoning'inia kidevuni kama ndevu za mbuzi. Jina lake limetokana na neno la kale la Kinorwei lenye maana ya kwenda mbele, kusafiri. Na kwa kweli ni msafiri. Maisha yake mengi huyapitisha katika Bahari ya Barents, huko juu karibu na barafu, akila samaki wadogo na kunenepa. Akifikisha umri wa miaka saba hivi hupevuka, na baridi inapokaza huanza kushuka kusini akiambaa na pwani ya Norwei, safari ya mamia ya kilomita, kwenda kutaga. Wengi huishia katika Vestfjord, ghuba pana iliyo kati ya Lofoten na bara. Huanza kuingia Januari, na kutaga kwao hufikia kilele mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili.

Kwa nini hapo na si kwingine? Lofoten iko kaskazini mwa Duara la Aktiki, na kwa kuangalia ramani mtu angetarajia bahari iliyoganda. Haigandi. Mkondo wa maji ya uvuguvugu unaotoka kusini kupitia Atlantiki hupita kando ya pwani hiyo na kuizuia isishikwe na barafu. Ndani ya ghuba, maji ya juu huwa baridi sana na maji ya chini yana vuguvugu. Kati ya hayo mawili kuna tabaka lenye joto la nyuzi 4 hadi 6 hivi, na skrei hulitafuta tabaka hilo ili atage. Mayai huelea, na mkondo huyachukua kuyarudisha kaskazini, kwenye bahari ambako vifaranga watakulia.

Sasa msikilizaji ashike jambo moja, kwa maana mlo wote wa msimu huu umesimama juu yake. Safari ile ndefu hukaza misuli ya samaki, kwa hiyo nyama yake huwa nyeupe, imara, na yenye kuachana katika vipande vikubwa. Ini lake limejaa mafuta, akiba ya kumfikisha na kumrudisha. Na jike amebeba tumbo zima la mayai. Nyama, ini na mayai: vitu hivi vitatu hukutana vikiwa katika ubora wao kwa wiki chache tu za mwaka. Kabla ya hapo skrei yuko mbali. Baada ya hapo amekwisha kutaga, amekonda, na nyama yake ina maji.

Watu wa kaskazini wamemngoja samaki huyu kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mwanzoni mwa karne ya 12, Mfalme Øystein aliamuru vijengwe vibanda vya wavuvi huko Vågan, mahali ambapo leo pana mji mdogo wa Kabelvåg. Wavuvi walitoka pwani yote ya kaskazini kwa mashua za wazi, wakipiga makasia na kutweka tanga, wakakaa Lofoten miezi mitatu kisha wakarudi makwao. Vibanda hivyo huitwa rorbu, jina linalounganisha kupiga makasia na makazi. Msikilizaji wa Pemba au Kojani hahitaji maelezo marefu: hilo ni dago. Ni ile ile desturi ya wavuvi kuhama na msimu, kupanga pwani ya watu, kupika pamoja, kulala kwa kubanana na kugawana mapato safari inapokwisha. Mwishoni mwa karne ya 19 kulikuwa na misimu ambayo wavuvi zaidi ya 30,000 walikusanyika katika visiwa hivyo vidogo.

Leo boti zina injini na mitambo ya kuwatambua samaki chini ya maji, na idadi ya wavuvi ni ndogo mno ikilinganishwa na zamani. Zana, hata hivyo, zinatambulika na mvuvi yeyote wa Bahari ya Hindi: jarife, dhulumati yenye ndoano nyingi, na mshipi wa mkono, ingawa mshipi siku hizi huvutwa na mashine. Rorbu nazo zimebadilika. Zingine bado ni za wavuvi, lakini nyingi zimepakwa upya rangi yao nyekundu, zikawekwa vitanda na hita, zikakodishwa kwa wageni. Humo, juu ya nguzo zilizosimama majini, ndimo ilimo migahawa mingi ya Lofoten. Mgeni hula akiwa ameketi juu ya bahari ile ile aliyotoka samaki wake, na dirishani huona boti zikiingia.

Tuje jikoni, wasikilizaji. Chakula kikuu cha msimu kinaitwa mølje. Ni chakula cha vitu vile vile vitatu: nyama, ini na mayai. Hakina mchuzi wa nazi, hakina bizari, hakina nyanya. Mpishi aliyezoea vyakula vya pwani ya Waswahili anaweza kukitazama akadhani bado hakijapikwa. Lakini ustadi uko ndani yake, na uko katika moto.

Samaki hukatwa vipande vinene kukingama mgongo, mfupa ukiwa ndani, kisha huachwa katika maji baridi yanayotiririka ili damu itoke na nyama ikaze. Sufuria ya maji hutiwa chumvi nyingi, karibu ukali wa maji ya bahari, na kuchemshwa hadi yatokote. Hapo mpishi huiondoa motoni. Vipande hutumbukizwa katika maji hayo ambayo hayachemki tena, sufuria hufunikwa, na samaki huiva kwa joto lililobaki tu. Dakika chache zinatosha. Aliyeiva vizuri huonekana kwa alama moja: nyama huanza kuachana na mfupa, na vipande vyake hung'aa kama ganda la lulu. Akizidishwa kidogo tu, mng'ao huo hupotea na nyama hukauka mdomoni.

Mayai hupikwa kando. Mfuko wake haupasuliwi. Huviringishwa katika karatasi ya kupikia, hufungwa uzi, na kuchemshwa polepole katika maji ya chumvi hadi ushikane, kisha hukatwa slesi nene. Ini huvuliwa utando wake na kuwekwa katika kijisufuria chenye maji kidogo na kitunguu kilichokatwa, juu ya moto mdogo kabisa. Linapopata joto huachia mafuta ya rangi ya dhahabu, na mafuta hayo ndiyo mchuzi wa chakula chote. Viazi vya kuchemsha huletwa pembeni, pamoja na mkate mkavu mwembamba kama chapati iliyokaushwa. Wazee huuvunja mkate huo na kuumwagia mafuta ya ini, na anayekula kwa mara ya kwanza angefanya vyema kuwaiga, kwa kuwa mkate mkavu hutuliza uzito wa mafuta.

Kwa nini ini litiliwe maanani kiasi hicho? Jibu liko katika jua. Mwezi Desemba jua la Lofoten halichomozi kabisa kwa wiki kadhaa. Mchana huwa ni mwanga hafifu wa buluu tu. Ngozi ya binadamu hutengeneza vitamini D kwa kupigwa na jua, na pasipo jua haitengenezi. Ini la skrei limejaa vitamini hiyo pamoja na vitamini A. Kwa hiyo chakula hiki hufika mezani wakati ule ule mwili unapokihitaji zaidi, baada ya giza refu. Watu wa pwani hiyo walilijua hilo kwa uzoefu kabla ya sayansi kulipatia jina. Katikati ya karne ya 19, mfamasia Peter Möller alibuni njia ya kuyatoa mafuta ya ini kwa mvuke, yakawa masafi na yenye kunyweka, na mafuta ya ini la samaki yakaenea duniani. Watu wengi wa Afrika Mashariki waliokuzwa kwa kijiko cha mafuta hayo kila asubuhi, wakiyameza huku wamefumba macho, walikutana na Lofoten bila kujua.

Kuna chakula kingine cha msimu ambacho hakiwezi kutajwa bila kutaja watoto: ulimi wa skrei. Kinachoitwa ulimi ni kipande cha nyama laini kilicho chini ya taya. Baada ya vichwa kukatwa bandarini, huachiwa watoto wa kijiji, na kazi ya kukata ndimi ni yao kwa desturi ya miaka mingi. Mtoto husimama mbele ya msumari mrefu wa chuma uliosimikwa kwenye ubao. Hukichukua kichwa, hukichoma kwenye msumari kupitia chini ya kidevu, hupitisha kisu mara moja, na ulimi hubaki umening'inia msumarini wakati kichwa kikitupwa kwenye pipa. Kisha kingine, na kingine. Wenye mkono mwepesi hufanya hivyo kwa sekunde chache. Ndimi huuzwa kwa kilo, majumbani na migahawani, na fedha ni za mtoto mwenyewe. Mpishi huzikung'utia unga, chumvi na pilipili manga, akazikaanga kwa siagi hadi zikakauka juu na kubaki laini ndani kama jeli. Mgeni anayekula ndimi hizo mwezi Machi anachangia pia baiskeli au akiba ya mtoto fulani wa kijijini, na hiyo ni sababu nzuri ya kuziagiza.

Na siku ya dhoruba je? Swali hilo ni la haki, kwa sababu machipuko ya mapema huko ni ya upepo mkali, na boti hukaa bandarini siku mbili tatu mfululizo. Mgahawa unaojiheshimu hauweki skrei wa barafu ya juzi na kumwita mbichi. Hugeukia samaki aliyekaushwa, na hapo ndipo penye elimu nyingine.

Skrei wa Lofoten hukaushwa bila chumvi hata chembe. Hutolewa matumbo, hukatwa kichwa, hufungwa wawili wawili mikiani, na kuning'inizwa kwenye chanja kubwa za mbao zinazosimama nje ya kila kijiji. Huanza kutundikwa Februari na hubaki hapo hadi Mei au Juni. Kinachowakausha ni upepo wa bahari na baridi iliyo karibu na nyuzi sifuri. Ingekuwa baridi zaidi, samaki angeganda na nyama yake kupasuka. Ingekuwa joto zaidi, nzi na uozo vingewahi. Machi na Aprili ya Lofoten hukaa katikati ya hatari hizo mbili. Linganisha na ng'onda wa pwani ya Waswahili, ambaye hupasuliwa, hutiwa chumvi na kuanikwa juani: nchi ya joto hutumia chumvi na jua kumzuia samaki asioze, nchi ya baridi hutumia ubaridi wenyewe. Samaki akishakauka hubaki na kati ya robo na moja ya tano ya uzito wake, mgumu kama ubao, na hukaa miaka bila kuharibika.

Mgahawani hutumika kwa namna mbili. Mkavu kabisa hulowekwa siku kadhaa, maji yakibadilishwa, hadi alainike. Lakini tunu ya machipuko ni yule wa nusu njia, boknafisk, aliyetundikwa kwa wiki moja au mbili tu. Nje amekauka, ndani bado ana unyevu, na ladha yake imekolea kuliko ya mbichi. Kwa kauli ya wapishi wengi wa huko, na wana haki ya kujivuna, dhoruba ikivuma mteja hapungukiwi kitu.

Samaki huyu mkavu ametembea mbali. Januari 1432, mfanyabiashara wa Venice aitwaye Pietro Querini na mabaharia wachache waliosalia baada ya merikebu yao kuharibika walitupwa na bahari karibu na kisiwa cha Røst, ncha ya mwisho ya Lofoten. Wenyeji waliwapokea, wakawalisha, wakakaa nao hadi Mei. Querini aliandika habari za watu hao na samaki wao waliokaushwa kwa upepo, na mpaka leo Italia ndiyo mnunuzi mkubwa wa samaki mkavu wa daraja la kwanza kutoka Lofoten. Vichwa husafirishwa Nigeria, ambako huungwa katika mchuzi na kuupa nguvu. Na msikilizaji wa Lubumbashi au Bukavu anayepika makayabu yuko karibu na habari hii kuliko anavyodhani: makayabu ni samaki wa chumvi wa ukoo huo huo wa bahari za kaskazini, na sehemu yake hutoka Norwei.

Kuhusu mboga, maneno ni machache. Mwanzo wa machipuko hauna mboga mbichi za kienyeji. Sahani hupambwa kwa viazi, karoti na mizizi mingine iliyohifadhiwa ghalani tangu vuli. Baadhi ya wapishi huchuma mwani ufukweni, ambao wakati huo ni mchanga na mtamu, wakautumia kama mchicha wa baharini. Mgahawa unaoleta nyanya na matango kutoka mbali ili sahani ipendeze macho unajisumbua bure. Skrei hahitaji hayo, na meza ya Machi haina sababu ya kujifanya ya Julai.

Lipo jambo la mwisho, nalo ni zito. Samaki hawa si wa Norwei peke yake. Bahari ya Barents inagawanywa na Norwei na Urusi, na nchi hizo mbili hukubaliana kila mwaka ni tani ngapi zivuliwe, hata katika miaka ambayo hazielewani katika mengine. Wanasayansi wamekuwa wakionya kwamba idadi ya samaki wanaotaga imeshuka. Kwa mwaka 2025 kiwango kilipunguzwa hadi tani 340,000, ambacho wakati huo kilikuwa cha chini kabisa tangu 1991. Bei ya skrei imepanda. Kuna watu wanaolalamika, na malalamiko ya mvuvi mwenye deni la boti si ya kupuuzwa. Lakini mwaka 1990 pwani hiyo ilionja msimu wa uhaba mkubwa, na upunguzaji wa sasa ni uchungu mdogo kuliko ule.

Upungufu huo umewarudisha wapishi kwenye ada ya zamani ya kutotupa kitu. Nyama, ini, mayai, ndimi, mashavu, vichwa: kila kimoja kina sahani yake. Kwa wale wanaonunua mbali na Lofoten, kuna lebo maalumu ya skrei inayotolewa kwa samaki asiye na jeraha, aliyepakiwa ndani ya saa 12 tangu kuvuliwa, katika miezi ya Januari hadi Aprili tu. Skrei anayetangazwa mwezi Agosti si skrei.

Msikilizaji anayeishi Ulaya, au anayekusudia kwenda huko, apange kufika Lofoten kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Aprili. Avae nguo nzito, aagize mølje kabla ya chakula kingine chochote, na kabla ya kuagiza amuulize mhudumu swali moja tu: boti ilirudi lini? Akijibiwa kuwa ni asubuhi ya leo, akae mezani.